Rehani

Akwilini Nannonjela aliniachia jiwe
badala ya shilingi elfu kumi na mbili na mia tano.
Aliliweka juu ya daftari la madeni,
akasema, "Nitarudi Jumatatu."
Hakusema Jumatatu ya mwezi gani.
Nasikia yuko ng'ambo ya Ruvuma, anachimba rubi za watu.

Dogo. Halizidi andazi langu la mia mbili,
ila mkono ulipoliinua ulishtuka,
kama umemnyanyua mtoto aliyelala.
Rangi yake bati lililokatwa sasa hivi.
Nikaliacha dirishani tangu ufuta hadi korosho,
likapiga umanjano pembeni,
kama jino la mvuta tumbaku.

Chitanda, dalali wa Ruangwa, akalichungulia kwa lenzi.
"Risasi hii, mama. Au fedha, ukiwa na bahati.
Na bahati huna."

Nikalipima mwenyewe.
Nililisugua kwenye kigae cha choo kilichovunjika:
mstari mweusi, weusi wa masizi.
Senti tano ya marehemu bibi, ile ya pembe nyingi,
ikalichora bila kulazimishwa.
Nikaligonga kwa mchi. Risasi ya kweli
hupasuka vijumba vijumba, kila mchimbaji anajua;
hili lilimeguka kwa mbonyeo, kama ganda la chaza.
Punje moja nikaishika kwa koleo juu ya koroboi.
Sijafika kumi kuhesabu, imeyeyuka,
na jiko zima likanuka shamba la mikorosho
siku ya kupulizia dawa.

Hapo nikajua: salfa imo.

Kipande kikaenda Dodoma, maabara,
kwenye bahasha, mfukoni mwa utingo wa basi.
Miezi minne. Barua ikaja na mhuri:

shaba tatu
bismuti moja
salfa tatu

Nilicheka peke yangu mpaka chai ikafurika.
Mbona wameandika kama mimi?

chapati tatu
supu moja
chai tatu
Nannonjela, tarehe kumi na nne.

Shaba naijua, ndiyo inayofanya nyaya ziibwe.
Salfa naijua, imeniwasha macho tangu utoto.
Lakini huyu bismuti, aliyekaa katikati peke yake,
ametokea wapi, na amekula kwa nani?
Muuguzi wa zahanati akaniambia:
humo kwenye vidonge vya vidonda vya tumbo,
vile vinavyotia ulimi weusi.
Jirani wa risasi, asiye na sumu yake.

Barua iliendelea, kwa mwandiko wa mtu mwenye subira:
maji ya moto hupanda kwenye nyufa za mwamba
yakiwa yamebeba mizigo ya kila namna;
yanapopoa huitua, mmoja mmoja,
na hili hujibana mwishoni, kwenye kwatzi,
shaba nyingine zikishakalia viti.
*Halitafutwi lenyewe. Huonekana likitafutwa jingine.*
Mstari huo niliusoma mara mbili,
kisha nikaenda kuukanda unga.

"Nadra?" Chitanda akasema. "Nadra si bei.
Hata upele kwenye goti la nyoka ni nadra."

Desemba, pesa za korosho zilipotoka,
akaja mdogo wake Akwilini, kavaa raba mpya.
Akahesabu elfu kumi na mbili na mia tano
juu ya meza, noti zikinuka mafuta ya maganda.
"Kaka anataka jiwe lake."

Nikampa. Akalipima kwa kiganja,
akatazama pale lilipomeguka, akanitazama.
Sikusema kitu. Kipande kimoja kiko Dodoma,
punje moja iliingia hewani jikoni kwangu.
Kama hiyo ni riba, nimekula.

Kwenye daftari nimeandika: *Imelipwa.*
Ila ukurasa wa mwisho, mahali pasipo jina,
bado ipo, kwa kalamu yangu mwenyewe:
shaba tatu, bismuti moja, salfa tatu.
Sijaufuta mstari huo.
Sijajua ni nani anamdai nani.